Spika ya Kompyuta ya Mtawanya

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ni mwanamke. Nayasema yote mawili mapema kwa sababu Mtwara ya mwaka 2002 watu walikuwa wanafika kwenye kibanda changu pale Chuno, wananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu wananiuliza fundi amekwenda wapi. Nilikuwa nawajibu kwamba amekwenda kuoga. Wengine walikaa kwenye benchi wakamsubiri.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa nafunga kibanda ili nipitie sokoni kununua dagaa na mafuta ya taa, nikamwona Nasra anakuja mbiombio, mtandio umemwangukia mabegani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, imekatika.

Nasra alikuwa mchapaji wa Mwalimu Godfrey. Huyu Mwalimu alikuwa mstaafu, mtu wa kwetu Njombe, mzee wa kanisa, mwenye ofisi ya kuchapa na kutoa kopi kule Mtawanya. Kabla ya Nasra, aliyekuwa anachapa pale ni mdogo wangu Josephu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nilikwenda kwa Mwalimu na kuku mkononi, nikamwomba amchukue kijana wetu, akamchukua. Mwaka haukuisha, Josephu akafa.

"Dada Rebeka," Nasra alisema, anahema. "Njoo uisikilize ile kompyuta."

"Inafanyaje?"

"Inagonga."

"Hadi diski hiyo, ile sahani ya ndani inayotunza kazi. Imechoka. Mwambie Mwalimu anunue nyingine, asinisumbue jioni."

Alitazama nyuma, kisha akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Inagonga hata nikiichomoa ukutani."

Nikacheka. Nimeshasikia mengi kwenye kazi hii. Kuna mama mmoja aliniletea monita akidai inamkonyeza mumewe.

"Mwalimu anasemaje?"

"Mwalimu amekwenda Masasi. Ndiyo maana nimekuja leo." Akanishika mkono. "Dada, wewe una kitu chako pale. Njoo."

Sikuhitaji kuuliza kitu gani. Josephu alipoteza sauti Jumatatu, mwezi wa tatu mwaka ule ule. Jumanne ulimi ulimvimba ukajaa mdomo mzima, ukawa mweusi. Nesi alinivuta pembeni akaniambia hajawahi kuona ugonjwa wa namna hiyo. Alhamisi asubuhi alikuwa amekufa, akiwa na miaka ishirini na mbili. Mwalimu Godfrey ndiye aliyesimamia kila kitu, jeneza, gari, mpaka wanakwaya. Na ndiye aliyesema jeneza lisifunguliwe, kwamba mwili umeharibika, mama yetu asije akazimia. Sisi humuaga marehemu kwa kumtazama usoni. Josephu hatukumtazama. Tulizika sanduku lililopigiliwa misumari, na tangu siku ile sikuwahi kulala usingizi wa kueleweka.

Nilitaka kujua kilichomuua mdogo wangu. Basi nikachukua mfuko wangu wa vifaa, nikampakia Nasra kwenye keria ya baiskeli, tukaenda.

Tulifika Mtawanya adhana ya magharibi inamalizika. Moshi wa watu wanaochoma korosho ulikuwa umetanda chini chini barabarani. Nasra alifungua kufuli, akaingia ubavu ubavu, hakutaka kuugusa mlango.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Meza ya kupokelea wateja. Mashine ya kopi. Ile mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu cha kushusha kwa mkono. Na kwenye kona, mbali na dirisha, kompyuta. Niliijua vizuri. Pentiamu ya zamani, sipiyu yake, lile boksi la mitambo, ilikuwa nyeupe ilipotoka Dar es Salaam, sasa imekuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Mbele yake kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto mdogo.

"Hii ndiyo unayochapia?"

"Mimi sichapi siku hizi," Nasra alisema. "Napokea wateja tu. Nikifika asubuhi nakuta kazi zimekwisha."

Akanionyesha bunda la karatasi juu ya meza. Ripoti ya kilimo, kurasa mia tatu na kitu, majedwali ukurasa hadi ukurasa. Ilipokelewa jana saa kumi jioni imeandikwa kwa mkono. Leo asubuhi ilikuwa imechapwa, imepangwa, haina kosa hata moja.

"Mwalimu anachapa usiku," nilisema.

"Mwalimu anachapa kwa kidole kimoja, Dada. Tena anakitafuta kila kitufe."

Hapo ndipo niliposikia.

Ko.

Ko... ko.

Ko.

Mlio mdogo, mkavu, kutoka ndani ya sipiyu. Nikaufuata waya wa umeme kwa macho. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, imechomolewa.

Fundi akiogopa, mikono yake hufanya kazi iliyoizoea. Nilipiga magoti. Nikatoa bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake kwenye boksi na mpini wake sikioni, kama tunavyosikiliza mashine zote. Upande wa hadi diski, kimya. Upande wa pawa saplai, unakoingilia umeme, kimya. Nikahamisha ncha katikati, kwenye uwazi usio na kitu chochote.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Sikio langu lote likajaa. Mgongaji alikuwa karibu. Alikuwa anagonga pale pale nilipoweka bisibisi, kutokea upande wa pili wa bati.

"Panya," nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikafungua skrubu nne, nikavuta bati.

Harufu ilinipiga usoni. Pumba. Pumba za mahindi, tena mbichi, za leo, zimemwagwa chini ya bodi zikajaa kiasi cha bakuli. Na juu ya pumba kulikuwa na mifereji iliyochorwa. Nikaihesabu. Ilikuwa mitano, ya vidole, kama ya mtu anayekomba sahani.

"Panya," nilirudia.

"Panya hana vidole," Nasra alinong'ona. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Dada, kwetu Mahurunga anayelishwa pumba ni ndondocha."

Ndondocha. Sisi wa bara tunasema msukule. Mtu mnayedhani amekufa, mnalia, mnamzika, kumbe mliyemzika ni gogo la mgomba. Mwenyewe amechukuliwa, amekatwa ulimi asije akasema, na anafanya kazi za mchawi wake kila siku bila kupumzika, haonekani kwa macho ya kawaida. Nilizisikia habari hizo tangu mtoto na nilizicheka tangu mtoto.

Nilimkasirikia Nasra. Nilitaka kumzaba kofi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, nikaona kitu pembeni ya bodi, nikaufunga.

Nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, fupi, zimekatwa.

Pale ndipo inapokaa spika ndogo ya ndani, ile inayolia ukiwasha. Kompyuta za zamani zinasema ugonjwa wake kwa spika hiyo. Mlio mmoja, nzima. Mlio mrefu na mifupi miwili, kadi ya picha. Bila spika kompyuta ni bubu, na fundi anabaki kubahatisha.

Nyaya zile nilizikata mimi.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mwalimu aliniita, akasema ule mlio unamsumbua masikio. Nikamwambia ni jambo dogo, nachomoa tu. Akasema, "Usichomoe. Kata." Josephu alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho, ananitania kwamba nimenenepa tangu nianze kula za watu. Nikachukua plaisi nikakata. Mwalimu akanyoosha mkono. Mtu mzima akinyoosha mkono, humpi kitu kwa mkono mmoja kama unamrushia mbwa. Nikaiweka spika kwenye viganja vyangu viwili, nikapinda magoti kidogo, nikamwambia, "Chukua, Mwalimu. Ni yako."

Akasema, "Nimepokea."

Akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa shati. Josephu akaanza kukohoa. Tulicheka, tukasema vumbi la kompyuta. Tangu siku ile kikohozi hakikumwacha, na wiki tatu baadaye ndiyo ikawa ile Jumatatu ya kupoteza sauti.

Nilikaa sakafuni na bati mkononi. Kichwa kilikuwa kinakataa na tumbo lilikuwa limeshakubali. Nilimsimulia Nasra, maneno yananitoka vipande vipande. Hakushangaa.

"Mchawi lazima apewe na ndugu," alisema. "Hawezi kuchukua mwenyewe. Ndugu amkate, amtoe kwa mikono yake, aseme chukua."

"Mimi nilikata waya!"

"Ndiyo, Dada."

"Waya, Nasra! Waya wa spika!"

"Ulimi wa mashine aliyokuwa anaichapia," alisema.

Kwenye mfuko wangu kuna spika ndogo ninayotembea nayo, niliichomoa kwenye redio mbovu. Kila kompyuta bubu naipachika hiyo ili nisikie ugonjwa. Nilizichuna zile nyaya kwa meno. Nikaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikachomeka plagi ukutani, nikabonyeza swichi.

Feni likazunguka. Monita ikawaka. Ule mlio mmoja wa uzima haukuja.

Kiti kikatoa mlio.

Mto ulibonyea polepole, kama unavyobonyea mtu akikalia. Halafu vitufe vya kibodi vikaanza kushuka vyenyewe, haraka, haraka sana. Kwenye monita ile ripoti ya kilimo ikaanza kujiandika upya, ingawa ilishakwisha. Mbegu. Mbolea. Ekari. Kila baada ya neno kitufe cha nafasi kilipigwa kwa kishindo. Josephu alikuwa anakipiga hivyo. Nilimgombeza mara ngapi kwamba atavunja kibodi ya watu.

Nasra alijiziba mdomo kwa mtandio.

Ndipo spika ikatoa sauti. Haikuwa sauti ya kompyuta. Ilitoka kooni, nzito, yenye mate.

"Eee... eee... aaa."

Vitufe havikusimama. Alikuwa anaita huku anachapa.

"Eee... eee... aaa."

"Anasema nini?" Nasra alinong'ona.

Sikujua. Nikafungua mdomo wangu, nikaushusha ulimi chini, nikahakikisha haugusi jino wala kaakaa, nikajaribu kutamka jina langu mwenyewe.

Rebeka.

Nililia pale sakafuni. Nililia kuliko nilivyolia msibani, kwa sababu msibani nilimlilia aliyepumzika. Niliinua mkono juu ya kiti. Hewa ilikuwa na joto. Nilimgusa bega. Lilikuwa mfupa mtupu, na lilikuwa linacheza kwa kasi ya kuchapa. Alikuwa amekonda, mdogo wangu.

"Josephu. Acha. Inuka twende nyumbani."

"Eee... eee... aaa."

Mbegu. Mbolea. Ekari.

"Hawezi kuacha," alisema mtu nyuma yetu. "Sijamwambia aache."

Nikageuka. Mwalimu Godfrey alikuwa amesimama mlangoni, suti yake ya kijivu, kofia mkononi. Hakuwa amekwenda Masasi wala karibu na Masasi. Na mimi, Mungu anisamehe, malezi yakanitoka mdomoni kabla ya akili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia. Akafunga mlango, akapachika komeo, akaweka kofia juu ya mashine ya kopi. Yote taratibu, kama mwalimu anayejiandaa kuandika ubaoni.

"Rebeka, zima hiyo. Toa hako kaspika kako."

"Mwachie mdogo wangu."

"Ulinipa." Akatabasamu. "Kwa adabu nzuri kabisa. Nasra, njoo hapa."

Nasra hakusogea. Mwalimu alimfuata. Sikutegemea mzee wa miaka sitini na tano awe na nguvu zile. Alimshika kifundo cha mkono, akamburuta mpaka kwenye mashine ya karatasi, akamlaza mkono juu ya ubao wake, na kabla sijasimama sawasawa akakishusha kisu.

Nasra hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mkono wake. Vidole viwili, cha mwisho na cha pete, vilibaki juu ya ubao. Ndipo akapiga kelele.

Nilimrukia yule mzee. Sikumbuki kuamua. Bisibisi yangu ilimwingia chini ya mfupa wa bega mpaka kwenye mpini. Alinguruma, akanipiga kwa kiwiko, jino langu moja likatoka, nikalimeza. Tukaanguka pamoja juu ya meza, ripoti ikatawanyika chumba kizima. Alivuta waya wa printa, akanizungushia shingoni, akakaza.

Macho yalianza kuona giza pembeni. Mwalimu alikuwa ananihemea sikioni, na alikuwa ananong'ona kwa upole, kama anamtuliza mtoto.

"Nitamwambia Nasra akutoe, kwa kuwa anakuita dada. Atanipa. Watu mkiumizwa mnatoa tu."

Mkono wangu ulimpapasa kifuani, ukimtafuta macho, koo, chochote. Ukakuta kamba. Nikaivuta kwa nguvu zote zilizobaki. Ikakatika, na pamoja nayo ikaja leso iliyofungwa fundo. Mwalimu akaiachia shingo yangu ghafla.

"Nipe hiyo!"

Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Nikalifungua fundo kwa jino. Ndani kulikuwa na spika yangu, ile niliyoikata, na vinyaya vyake viwili. Kwenye karatasi yake ya katikati kilikuwa kimegandana kipande cheusi, kikavu kwa nje, kama pingili ya kidole.

Kilikuwa cha moto. Na kilisogea.

Nilikwenda kwenye sipiyu kwa magoti. Nilitaka kumrudishia. Sikujua hata ingefanyikaje, niiunge wapi, nimpe vipi, nilichotaka ni kumrudishia kilicho chake. Mwalimu aliniwahi. Akanikanyaga mgongo, akaning'ata kiganja mpaka kikafunguka, akaikwapua ile spika kwa mdomo, na akaanza kuimeza.

Bati, nyaya, nyama, vyote. Niliiona ikishuka kwenye koo lake.

Vitufe vikasimama.

Baada ya kelele zile zote, ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Niliisikia damu ya Nasra ikidondoka kwenye karatasi.

Kiti kikasukumwa nyuma.

Mwalimu Godfrey akarudi hatua moja. "Kaa," akasema, sauti imebanwa na ile spika. "Nimesema kaa. Chapa."

Karatasi zilizotapakaa sakafuni zilikanyagwa, moja, nyingine, nyingine, zikielekea kwake. Nyayo zilikuwa ndogo na nyembamba.

Kisha kichwa cha Mwalimu kikainuliwa juu. Mdomo wake ukafunguka. Ukafunguka zaidi. Alikuwa anashika hewa mbele ya uso wake kwa mikono miwili, anasukuma, anakwaruza, na mdomo unazidi kufunguka tu, mpaka pembe za midomo zikachanika, mpaka taya likalia.

Krak.

Ile spika ya redio ndani ya sipiyu ilikuwa inapiga ukelele mmoja mrefu usio na herufi. "Aaaaaaa..." Kitu kiliingia kooni mwa yule mzee. Niliona shingo yake ikivimba kwa nje, umbo la ngumi, linashuka, linatafuta. Miguu yake ilikuwa inarukaruka juu ya sakafu. Damu ilimtoka puani na masikioni. Halafu kitu kikavutwa kwa nguvu, na pamoja nacho ukatoka ulimi wake mzima, mpaka kwenye kizizi, ukaanguka juu ya kurasa za ripoti.

Ni wake tu uliotoka. Wa Josephu alikuwa ameshaumeza.

Mwalimu alianguka. Spika ikanyamaza. Taratibu, bila haraka, kiti kikavutwa mbele ya kompyuta, mto ukabonyea, na vitufe vikaendelea. Mbegu. Mbolea. Ekari.

Majirani walivunja mlango. Polisi walikuja, wakatazama komeo la ndani, wakatutazama wanawake wawili tuliojaa damu, wakamtazama maiti, wakakosa cha kuandika. Daktari alikuta spika ndogo imekwama kooni mwake, tupu, bila kile kipande cheusi. Mwishoni ikaandikwa kwamba marehemu alipigwa na umeme, akaanguka juu ya mashine, na kwamba Nasra aliumia akimwokoa. Sisi tulitia saini. Ulimi na tundu la bisibisi havikuonekana kwenye maelezo ya mtu yeyote.

Hospitalini, mkono umefungwa bandeji kubwa, Nasra aliniambia neno moja la maana.

"Aliyempokea amekufa. Sasa anarudi kwa aliyemtoa."

"Kwangu?"

"Ni wako, Dada. Na ulimi wake umezikwa tumboni kwa mtu. Hawezi kurudi kuwa mzima tena. Lichome moto lile boksi lote, mwambie nenda. Atakufa, safari hii kweli." Alinishika kwa ule mkono wake mzima. "Usikae naye. Kila siku unayokaa naye anakuwa mtumwa wako."

Mjane wa Mwalimu alinipa ile kompyuta bila hata kuniuliza naitakia nini. Hakutaka kuiona. Niliipeleka nyumbani kwangu Chuno nikaiweka mezani. Nikaandaa nyundo, chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Nilisali. Nikasema, "Josephu, mdogo wangu, nenda."

Sikuwa nimechomeka umeme.

"Eee... eee... aaa," akanijibu.

Aliniita kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa anatumia utotoni akiamka usiku na kuogopa kwenda chooni peke yake. Nyundo ikanishinda. Nilimwambia tutazungumza kesho. Nilimwekea ugali na samaki, chakula cha watu, hakukigusa. Siku ya tatu nilikwenda mashineni nikaomba pumba.

Asubuhi yake nilikuta kompyuta saba za wateja, nilizozirundika pale nyumbani baada ya kunishinda, zimefunguliwa, zimesafishwa, zimefungwa, zinawaka. Skrubu zilizobaki zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Nimehama kibandani, nina ofisi ya vyumba viwili, na watu hawaniulizi tena fundi amekwenda wapi. Nasra alikuja mara moja. Alisimama mlangoni na mkono wake wa vidole vitatu, akalitazama pazia la chumba cha nyuma, akasikiliza. Nilimwambia nitamwachia baada ya Pasaka. Akaondoka, na tukikutana sokoni huvuka upande wa pili. Mama ameandika kutoka Njombe kwamba anamwota Josephu, amechoka, anaomba kulala. Barua hiyo sijaijibu.

Kila Jumapili nasema ni wiki hii. Na ninamaanisha, kweli kabisa namaanisha. Ni mdogo wangu, nampenda, nataka apumzike.

Jumamosi iliyopita mkuu wa shule mmoja alikuja na boksi la mitihani ya majaribio ya shule sita, yote imeandikwa kwa mkono, na michoro ya sayansi ndani yake. Jasho lilikuwa linamtoka. Alisema amezunguka mji mzima, kila mtu amemwambia haiwezekani, na watoto wanafanya mtihani Jumatatu. Nikamwambia na mimi siwezi. Nilikuwa nimekusudia kabisa kumwambia hivyo.

Nyuma ya pazia nikasikia kiti kinavutwa.

Nikamwambia mkuu wa shule aliache hilo boksi juu ya meza, arudi kesho saa mbili asubuhi.